Aliyemnyoa Benon

Mume wangu si msemaji. Naanza na hilo kwa sababu mtaa wetu mzima wa Rwezamenyo, hapa Nyamirambo, uliamini kinyume chake kwa miaka kumi na miwili, na mimi mkewe, Yasmina, au Mama Hirwa kwa jina la mwanetu, nilikuwa mstari wa mbele. Anaitwa Sibomana, ni kinyozi. Duka lake liko pale pale alipolifungua mwaka tuliooana, milango miwili kutoka kwenye cherehani yangu. Katikati yetu kuna muuza mkaa tu. Nikiinamia nguo ya mtu nasikia mashine yake ya kunyolea, nikiinua shingo naona viatu vya aliyekaa kitini.

Watu hudhani kinyozi lazima awe domo. Sibomana hana hilo domo. Mteja akikaa humwuliza swali moja: "Nyumbani hawajambo?" Kisha humshika kichwa kwa vidole viwili, kama mama anayempima mtoto homa, akanyamaza. Sasa ule ukimya wake ndio unaowafungua watu. Wanaume ambao kwao hawasemi hata kwamba jino linawauma, wakikaa pale wanamwaga yote: mke kaondoka, kijana kafukuzwa shule, damu kwenye mkojo. Mimi hapa nje nasikia manung'uniko tu, maneno siyakamati. Akimaliza huchukua ufagio na kusema, "Kinachosemwa hapa kinafagiliwa pamoja na nywele." Hiyo ndiyo sheria aliyorithi kwa mzee aliyemfundisha kazi, na hajaivunja hata kwa ajili yangu. Nilikuwa namchukia kwa hilo, sikufichi. Yaani mume anajua siri za nusu ya Nyamirambo, halafu mkewe anasubiri umbea kwa jirani kama mpangaji!

Sasa huyo Benon. Marehemu hasemwi vibaya, lakini Mungu anisamehe, ulimi unaniwasha. Benon alikulia Uganda, akarudi nyumbani na saksofoni yake. Ijumaa jioni alipiga jazi kwenye hoteli za mjini, na Jumamosi asubuhi alikuwa redioni na kipindi chake cha vichekesho, "Kinyozi Mkasi". Mkasi alikuwa ni yeye mwenyewe: kinyozi mmbea anayemnyoa mteja aliyekaa huku akimtangaza aliyetoka. Kisa kikiisha, anapuliza saksofoni iliyokuwa ikicheka kama mtu, hahaha kabisa, halafu anapiga wimbo mzima hadi roho inatulia. Jumamosi saa nne hata muuza mkaa alikuwa hauzi. Mimi nilicheka siku moja hadi nikajichoma sindano kidoleni na bado nikaendelea kucheka.

Na aliyekuwa anamnyoa Benon ni nani? Sibomana. Kila Ijumaa asubuhi, miaka kumi na saba. Mtaa ukawa unasema huyu ndiye Mkasi wa kweli, na mume wangu, ingawa hasemi, nilimwona anavimba kifua. Akishanyolewa, Benon alikuwa na mtindo wake: anaacha sanduku la saksofoni dukani. "Mzee Sibo, jua na mitetemo ya pikipiki vinaua chombo changu. Nilindie, nitalipitia alasiri." Sibomana alishusha taulo zake zote, akapigilia rafu mpya juu ya kiti, karibu kabisa na kichwa cha mteja, ili kila anayeingia aone ameaminiwa na nani. Kitambaa cha mahameli cha kutandika chini ya lile sanduku nilikishona mimi, kwa mikono yangu hii, na nikakitia ukingo wa dhahabu.

Huyo ni mteja. Rafiki alikuwa mwingine, Cyriaque, muuza maziwa wa Masaka, hii ya kwetu pembezoni mwa jiji, si ile ya Uganda. Mwaka mmoja Cyriaque alilazwa miezi mitatu, akakonda hadi jamaa zake wakaanza kuhesabu viti vya msiba. Sibomana alikwenda hospitalini kila Jumatatu na wembe wake, akamnyoa, akamwosha uso, akakaa naye. Hakuna aliyemtuma. Cyriaque alipopona akafanya jambo ambalo Mnyarwanda halifanyi kwa mzaha: alimpa mume wangu ng'ombe. Mtamba mzuri wa rangi ya damu ya mzee, tukamwita Bihogo, akakaa kwa mama mkwe wangu huko huko Masaka. Bihogo alipozaa jike, Sibomana alimrudishia Cyriaque ndama, kama inavyotakiwa, na hapo wakawa zaidi ya ndugu. Kwetu aliyepewa ng'ombe huapa kwa jina la aliyempa. Basi mume wangu ukimtilia shaka kidogo tu, hata kama ni bei ya nyanya, anasema, "Yampaye inka Cyriaque!" Alinipa ng'ombe Cyriaque, yaani nikisema uongo namdharau yule. Hapo ubishi umekwisha.

Mwaka wa 2013, Ijumaa moja ya mwezi wa tano, Cyriaque aliketi kitini na kulia. Alikuwa na binti, Umulisa, wa miaka kumi na saba. Alipomwoa mama yake, Mukandekezi, mimba ilikuwa tayari tumboni na haikuwa yake. Alijua, akampenda mtoto, akampa jina, na hakuna aliyejua zaidi ya wao wawili. Sasa yule mwanamume alikuwa ametokea, anataka kumwona msichana. Cyriaque alimwuliza Sibomana afanye nini. Mume wangu akamwambia, "Mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine." Haya yote nimekuja kuyajua baadaye kabisa. Siku ile niliona viatu vya Cyriaque tu, vyenye matope ya Masaka, na nikaona vimekaa muda mrefu.

Kesho yake, Jumamosi saa nne, Kinyozi Mkasi akaanza: kuna muuza maziwa mmoja, jamani, alinunua ng'ombe mwenye mimba. Ndama akazaliwa ana masikio ya jirani. Na huyo bwana anamzungusha kijiji kizima akijisifu, "Ndama anafanana na mimi! Mtazameni pua!" Kicheko cha saksofoni. Mimi nilicheka. Muuza mkaa alicheka hadi akakaa chini. Nikasikia kitu kimeanguka dukani kwa mume wangu. Ilikuwa mashine, imepasuka. Mteja alikuwa amenyolewa nusu kichwa na Sibomana amesimama anaitazama redio.

Masaka hawakuhitaji kufumbuliwa fumbo. Watu walikwishaonaona. Jioni ile ile, mbele ya wageni, Umulisa alimwuliza baba yake, "Ndama ni mimi?" Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshapanda basi la Kampala, na miaka mitatu hakurudi.

Jumapili Cyriaque alikwenda kwa mama mkwe wangu na wazee wawili. Hakupiga kelele. Alifungua zizi, akamtoa Bihogo na ndama wake mwingine, akasema, "Mtu niliyempa amekufa." Mama mkwe alipiga yowe kama kwenye kilio. Tulifika tukakuta kamba tu. Sibomana alimfuata Cyriaque hadi kwake, akasimama nje ya ua, akasema sikusema, wallahi sikusema. Mlango haukufunguliwa. Kwa jirani zangu wasio wa huku: kunyang'anywa ng'ombe mbele ya wazee si hasara ya maziwa. Ni kutangazwa kwamba wewe si mtu.

Mume wangu alimwuliza Benon, kwa heshima zake zote, Ijumaa iliyofuata. Nilisimama mlangoni nikasikia kwa masikio yangu. Benon alimwekea mkono begani. "Mzee Sibo, watu wananiandikia. Barua kama mvua! Huyo muuza maziwa hata simjui. Pole sana." Akanyolewa. Akaacha sanduku lake.

Na hapo ndipo yalipoanza mambo ya nyumbani. Maana mimi nilipiga hesabu zangu: Ijumaa mtu anasema kitini, Jumamosi kiko redioni, kitini walikuwa wawili, mmoja ni mwenye siri. Aliyebaki nani? Nikamwambia usiku na mchana, "Umemsimulia Benon ili akuone mtu." Akasema hapana. Nikamwambia labda ulisahau, labda ilikuponyoka. Akasema, "Yampaye inka Cyriaque, Mama Hirwa, sikusema." Nikamjibu, "Ng'ombe gani? Si wamemchukua!"

Nilisema hivyo. Siwezi kulimeza. Akatoka kwenda kufagia duka ambalo lilikuwa limeshafagiliwa, na tangu siku ile hakuapa tena kwa jina la mtu yeyote. Hakunibishia tena pia, na mimi kwa upumbavu wangu nikadhani ukimya ni kukiri.

Wateja hawakumkimbia wote. Wangekimbia wote ingekuwa nafuu. Walikuja, wakakaa midomo imefungwa kama wanapigwa picha ya pasipoti, wakalipa, wakaondoka. "Nyumbani hawajambo?" "Hawajambo." Basi. Vijana walimwita Mkasi kwa mapenzi, wakaja kupiga picha mbele ya mlango. Watu wazima walimwita Mkasi kwa namna nyingine. Na Benon akaendelea kuja, Ijumaa hadi Ijumaa, na hata alipougua na kulazwa, Sibomana alikwenda na wembe wake kama alivyokwenda kwa Cyriaque. Siku mbili kabla hajafa alimnyoa. Nilimwuliza siku hiyo alikwambia nini, akanijibu, "Alinishika mkono akasema asante." Asante! Hebu fikiria.

Mwezi uliopita ulitimia mwaka tangu afe. Mashabiki wakaandaa siku ya kumkumbuka, Jumapili mchana, kwenye ukumbi mmoja wa Nyamirambo. Fulana zenye uso wake, vijana wa bendi wakipiga nyimbo zake, mjane mbele amevaa mshanana mweupe, vazi letu la sherehe. Sibomana hakutaka kwenda. Nikamlazimisha mimi. Nilikuwa nimeshona magauni manne ya siku ile, nilitaka nikayaone yakitembea. Tukapewa viti vya mstari wa pili, maana msichana mshereheshaji, Pretty, alisema hawezi kumweka Mkasi wa kweli nyuma kama abiria.

Na watu walilia kweli, sitawadanganya. Dereva mmoja alisema mwaka aliomzika mkewe, kipindi cha Benon ndicho kilichomrudishia kicheko. Natacha, nesi wa Batsinda, alisema wagonjwa wake waliomba sindano zisogezwe hadi kipindi kiishe. Na mimi nililia. Nilijifuta machozi kwa ncha ya mtandio nikawaza, alikuwa mtu wa watu.

Ndipo akapanda Kenny. Kenny alikuwa fundi mitambo wa Benon, mwanamume wa makamo sasa, naye kakulia Uganda, mwenye sauti nene. Akasema, "Banange, leo niwape siri moja ya marehemu. Mlidhani vile visa alikuwa anaviota? Hapana! Ndani ya sanduku la saksofoni kulikuwa na kinasa sauti kidogo hivi, kama kiberiti. Asubuhi anakiwasha, anaacha sanduku kwa kinyozi wake. Alasiri analichukua. Jioni kabla hajaenda kupiga muziki tunakaa studio, tunasikiliza, tunachagua. Kesho yake Rwanda nzima inacheka! Niambieni, kuna mtu alikuwa na akili kama ile?"

Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikuelewa upesi. Nilikuwa bado nimeshika mtandio wangu. Nikageuka kumwangalia mume wangu. Alikuwa ameinama mbele, viganja juu ya magoti, kama mtu anayesikiliza mlango unaogongwa mbali.

"Ngojeni," Kenny akasema, "nimewaletea kidogo mkisikie." Akabonyeza. Ikaja sauti ya mashine ya kunyolea. Ikaja redio ya muuza mkaa kwa mbali. Halafu sauti ya mume wangu, ya kijana zaidi, ya upole ule ule: "Sema tu, kaka. Kinachosemwa hapa kinafagiliwa pamoja na nywele."

Wee! Walicheka hadi viti vikasogea. Watu walipigana mabegani. Mjane alicheka akijifunika uso. Pretty akamletea Sibomana kipaza sauti hadi pale alipokaa, na ukumbi mzima ukaanza, "Mkasi! Mkasi! Mkasi!"

Akasimama. Akakishika kipaza sauti kwa vidole viwili. "Huyu mtu aliniibia," akasema.

Wakacheka.

"Nawaambieni kweli. Sikujua."

Wakacheka zaidi, mmoja akapiga mluzi. Walidhani ni mchezo, walidhani ameamua kumwigiza Mkasi kwa heshima ya siku ile.

"Nilimpoteza rafiki yangu," akasema. "Walikuja wakamchukua ng'ombe."

Kusikia ng'ombe tu, nusu ya ukumbi ikakumbuka kile kisa, wakapaza kwa pamoja sauti ya yule muuza maziwa wa redioni: "Ndama anafanana na mimi! Mtazameni pua!" Na vijana wa bendi, Mungu awaone, wakapuliza kile kicheko cha saksofoni.

Niliruka. Nikapiga kelele, "Nyamazeni, mbwa nyinyi! Hamna haya?" Wakanipigia makofi na mimi. "Mama Mkasi!" Sibomana aliweka kipaza sauti juu ya kiti taratibu, kama kitu cha kuazima, akatoka nje.

Kenny alitufuata hadi getini akihema, uso umembadilika. Alikuwa ameelewa. "Mzee, nisamehe. Mimi nilidhani unajua. Benon alituambia mlikubaliana, kwamba wewe ndiye unayewafungua watu makusudi."

"Aliwaambia hivyo?"

"Miaka yote, mzee."

Sibomana hakumtukana. Mimi ndiye niliyemtukana, tena vizuri. Mume wangu alimwomba kitu kimoja tu: ile sauti aitume kwenye simu yangu. Ilipoingia, akasema, "Twende Masaka." Sijamwona akitembea vile tangu tukiwa vijana. Miaka kumi na miwili alikuwa anatembea akiangalia viatu vya watu, siku ile alinyanyua kichwa. Alikuwa na ushahidi. Mtu mmoja tu duniani alitakiwa ausikie, halafu mume wangu angekuwa mtu tena. Na mimi nyuma yake nilikuwa nasema moyoni, ee Mola, Cyriaque awe nyumbani.

Alikuwa nyumbani. Masaka imejaa nyumba mpya za vigae, lakini shamba lake dogo la maharage liko pale pale, na zizi, na vyombo vya maziwa vimeinamishwa juani. Mukandekezi alitoka jikoni, akatuona, akashika kizingiti cha mlango. Cyriaque alikuja kutoka zizini polepole, kazeeka, kipara. Akatuletea viti mwenyewe. Sibomana hakukaa.

"Cyriaque," akasema. "Si mimi niliyesema. Ni Benon. Alikuwa na kinasa sauti ndani ya sanduku lake, juu ya kichwa chako pale. Mama Hirwa, mwekee asikilize."

Nikaweka. Mashine, redio, sauti ya mume wangu. Cyriaque alisikiliza hadi mwisho akiangalia mikono yake. Mukandekezi alikuwa anaangalia chini. Nilingoja ashangae, nilingoja apige kelele, alie, amkumbatie mwenzake. Hakushangaa.

"Najua," akasema Cyriaque.

"Unajua nini?"

"Najua haikuwa wewe. Benon alikuja hapa. Iko miaka minne sasa, ugonjwa wake ndio ulikuwa unaanza. Alipiga magoti pale, mbele ya mke wangu na mbele ya Umulisa, akaeleza yote. Tukamsamehe."

"Mkamsamehe," akasema Sibomana.

"Alikuwa anakufa, Sibo. Akaomba tusiseme mpaka aende, kipindi kile ndicho kilikuwa kinalisha watoto wake."

"Ameshakwenda mwaka mzima!" Huyo ni mimi, siwezi kunyamaza, sikuumbwa hivyo. "Mwaka mzima, Cyriaque! Mguu kutoka hapa hadi Rwezamenyo ulivunjika? Simu huna? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Huyu alikunyoa ukiwa mfu unayepumua!"

"Shemeji, nimesikia." Alikuwa analia sasa, machozi ya mzee, yasiyo na sauti. "Nilimnyang'anya mtu ng'ombe mbele ya wazee. Anayemnyang'anya mwenzake bila kosa, huyo ndiye hana uso tena. Kila Jumapili nilisema nitakwenda. Nikivaa viatu, miguu inakataa. Nikasema wiki ijayo. Ilikuwa aibu, shemeji. Aibu tu."

Sibomana akauliza, kwa sauti ile ya dukani, "Umulisa naye anajua tangu siku hiyo?"

"Anajua."

"Alipita dukani Ramadhani iliyopita, ana mtoto mgongoni. Nikamsalimia. Akageuza uso."

"Aliona haya, Baba Hirwa," akasema Mukandekezi. "Alirudi hapa analia. Akasema atakwambia nini."

Cyriaque aliinuka, akaonyesha zizi. "Mchukue yule mwenye ndama. Ni wa damu ya Bihogo. Mchukue leo hii, naita wazee sasa hivi, nitasema mbele yao wote mimi ndiye mkosaji. Sibo, nakuomba."

Mume wangu alilitazama zizi. Nakiri nilimwombea akubali. Nilitaka turudi mjini na ng'ombe nyuma yetu, Nyamirambo nzima itoke nje itazame. Akatikisa kichwa.

"Benon alikuwa mteja," akasema. "Mteja nilimnyoa, akaniibia, basi. Wewe ulikuwa unajua mimi ni mtu safi, na ukalala usingizi miaka minne. Mimi sikulala."

Akamuaga Mukandekezi kwa mkono. Cyriaque alinyoosha wake, ukabaki hewani hadi akaushusha mwenyewe.

Tulitembea hadi barabarani. Pikipiki huku hubeba abiria mmoja, kwa hiyo tukasimama kungoja mbili. Nikamlaani Benon, nikamlaani Cyriaque, nikailaani na ile bendi. Sibomana aliniacha niishiwe pumzi. Mwisho nikasema, kwa kumfariji, "Angalau leo ukweli tumeujua."

Akanigeukia. "Mimi niliujua siku ile ile, Yasmina. Nyinyi ndio mmeujua leo."

Hakuniita Mama Hirwa. Alisema nyinyi, na hakuwa amekosea kuhesabu: nami nimo.

Pikipiki zikaja. Nikamshika mkono wa shati, mbele ya wale madereva, nikasema, "Nisamehe." Alivaa kofia ngumu aliyopewa na dereva, akafunga ukanda chini ya kidevu bila haraka, akapanda.

"Nimesikia," akasema.

Ni wiki ya tano hii. Anakula chakula changu, ananisalimia asubuhi, anaulizia mgongo wangu. Juu ya lile 'nimesikia' hajaongeza neno.